Mkono Nilioutoa Mapema

Umeme ukikatika hapa kwangu na friji ikanyamaza ghafla, mwili hunisisimka. Wanangu hunicheka, wanadhani naogopa giza, hata ikiwa mchana kweupe. Giza siliogopi. Naogopa ule ukimya unaobaki, kwa sababu hunirudisha Lipingo, kijiji cha kando ya ziwa, kwenye sebule yetu iliyonukia dagaa walioanikwa nje, Jumapili asubuhi, nikiwa msichana wa miaka minane.

Majirani zetu wote walikuwa Wakatoliki, na nyimbo zao za misa zilitufikia pale pale tulipokaa. Mama, mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka Mara, alikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale waitwao pia Wakwekeri. Alisali kama alivyofunzwa na baba yake: bila padri, bila wimbo. Tulikaa kimya saa nzima. Aliyesukumwa moyoni alisimama akasema, asiyesukumwa alinyamaza. Mwishoni mama alimpa mkono aliye karibu naye, nasi tukapeana mikono, ibada imekwisha. "Usiutafute ukimya," aliniambia, "kaa tu, utakukuta." Mimi kilichonikuta kila mara ni njaa. Tumbo langu lilihubiri kuliko mtu yeyote mle ndani.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milima ya Mbinga na malori yao, na chama cha ushirika kikapunguza wafanyakazi. Mjomba Elia, mdogo wake mama, aliyekuwa mpima kahawa pale, akaja kukaa kwetu na begi moja. Ukimwambia "Shikamoo mjomba," alijibu "Marahaba," na maneno yake ya siku nzima yaliishia hapo. Chakula alikigusa tu. Mama hakumbana.

"Mwache," aliniambia. "Siku moja atasema kwenye ibada. Akishasema, atapona."

Jirani yetu Mama Kapinga hakuupenda ukimya ule. Siku moja kisimani aliniuliza, "Kwenu kuna maiti?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona mnakaa hivyo? Kimya kingi kina mshindo mkubwa, mwanangu. Mnaita kitu ninyi."

Maneno yale yaliniingia. Tangu hapo kila Jumapili nilimkodolea macho mjomba, nikiwa na hakika kwamba kitu chenyewe kitatokea kwake.

Kikatokea. Siku hiyo hata ziwa lilikuwa limetulia. Mjomba alishika magoti yake, akaanza kutetemeka. Akanyanyuka nusu, mdomo ukafunguka, na sauti ikatoka, si neno bado, kama ya mtu anayevuta pumzi baada ya kukaa muda mrefu chini ya maji. Hofu ikanishinda. Nikaukamata mkono wa mama, nikautikisa kama yeye alivyofanya kumaliza ibada.

Mama alinitazama. Akamtazama mjomba. Kisha akaupokea mkono wangu. Mjomba akafunga mdomo, naye akanipa wake, kwa adabu, maana ndiyo desturi. Ulikuwa wa baridi.

Jumanne asubuhi viatu vyake vilikutwa juu ya mawe ufukweni, vimepangwa vizuri, soksi zikiwa ndani. Wavuvi walimtafuta siku tatu. Ziwa halikumrudisha.

Mama hakunigombeza hata mara moja, nami nilikua bila kujua kama alimwona mjomba akitaka kusema. Nilishakuwa na watoto wawili nilipopata ujasiri wa kumwuliza. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Niliona," alisema. "Nilijua anataka kusema. Lakini na wewe ulikuwa unatetemeka, na ulikuwa mtoto. Nikasema moyoni, Elia atasubiri Jumapili ijayo."

Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani kosa ni langu, na kwamba mama amenisamehe kimyakimya. Kumbe naye alikuwa akisubiri siku nitakayomwuliza, ili nimsamehe yeye.