Kuita Mara ya Pili

Siku yangu ya kwanza kwenye dispanseri ya bure ya Kalemie nilikuwa na diplome ya sekondari na mutoto mugongoni. Ilikuwa wakati wa Zaïre. Mutu wa kampuni alitibiwa kwenye hospitali ya kampuni, yeye na bibi na watoto. Wewe usiye na kampuni, ujijue. Ndiyo maana kila Jumamosi asubuhi Dokta mukubwa na Papa Enfirmye, muuguzi wake, waliacha mapumziko yao, wakatibu watu bila mushahara katika depo ya zamani karibu na stesheni. Kwa hilo ninawaheshimu wote wawili.

Mimi nilipewa triage, njo kusema kuchagua nani aanze. Unavuta kope la mutoto kwa kidole. Ukiona ndani ni nyeupe, damu imepunguka, huyo anapita mbele. Kisha unaita jina.

"Sitwayeni," Dokta aliniambia, "unaita mara moja. Asiyeitika, hayupo."

Alitoka Kinshasa. Hakujua kama watu wa ziwa, toka Zongwe mpaka huku, hawaitiki mwito wa kwanza. Wa kwanza unaweza kuwa wa mufu. Mufu anaita mara moja tu. Mwenye uhai anarudilia. Papa Enfirmye alimueleza.

"Papa, hapa tunatoa kinini, si hirizi."

"Basi kinini itabaki kwenye kopo, Dokta. Wenyewe wako inje, wanangoja kuitwa."

Dokta akacheka. Wamama wakaendelea kurudi Zongwe bila dawa, na walikuwa wamekaa mbele ya macho yangu.

Asubuhi moja akaja mama wa Zongwe na mutoto wa kike, kope nyeupe kabisa, anahema mbio. Nikaita jina la mutoto.

"Niko," sauti ikajibu.

Sauti ya mutoto. Ilitoka kwenye benchi ya nyuma, na pale hapakuwa na mutu. Mutoto mwenyewe alikuwa mulangoni, mama yake amemuziba kinywa kwa mukono.

"Si ameitika? Aingie," Dokta akasema toka ndani.

"Si yeye," mama akasema. "Mumesikia wote. Nikiingia sasa, nimekubali kama ni wangu aliitika, na mufu atamubeba." Akamufunga mugongoni, akaanza kutoka.

"Hataki. Mwengine," Dokta akasema.

Hasira ikanipanda. Nikamuzibia mama njia. Papa Enfirmye akasema polepole, "Jina lile limekwisha kuchukuliwa. Umupe lingine." Mama akaninongoneza. Nikaita jina jipya kwa nguvu, nikarudilia.

"Tuko," mama akajibu, akaingia.

Mutoto aliwekewa seromu, maji ya dawa yanayopita katika mushipa. Akapona. Dokta akanifukuza siku ile ile: nimedanganya jina la mugonjwa.

Sasa niko nyumbani na watoto watatu, na hasira haijaisha. Wangapi walirudi kwa sababu munganga aliona uvivu kufungua kinywa mara mbili? Ninyi mabinti munaofanya kazi ile leo, murudilie. Dokta akikasirika, akasirike.

Mutoto yule wa Zongwe sasa ni binti mukubwa, anauza ndagala sokoni, ananisalimia. Jina lake la kwanza ninalikumbuka. Hapa siliandiki.