Kimya cha Mwanaasha

Usi Pandu wa Kizimkazi alipopata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, mwaka 1954, kazi kubwa haikuwa kutafuta pasi wala koti la baridi. Kazi ilikuwa kumweleza mama yake, Bi Mwatum, anakwenda kusomea nini.

"Falsafa ya siasa, mama."

"Ndiyo dawa ya nini?"

"Si dawa. Nnakwenda kusomea serikali."

Bi Mwatum akatoka kwa furaha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe anakwenda Ulaya kuisomea serikali. Majirani wakatazamana. Wao walijua anayesomewa, yaani dua, ni mgonjwa, tena aliyezidiwa.

"Kwani serikali imepatwa na nini?" mmoja akauliza. "Imepagawa?"

"Hata kama haijapagawa," akajibu Bi Mwatum, "kusomewa hakudhuru."

Usi alikuwa ameshamaliza Makerere na kusomesha mjini miaka mitatu. Huko Uingereza akaanza kuandika tasnifu juu ya swali moja tu: kwa nini mtu amtii mtawala ambaye hakumchagua? Jawabu lake lilimpendeza sana. Mtu anayekaa katika nchi, akapita barabara zake na kununua sokoni kwake, kisha akanyamaza, huyo ameshakubali. Msimamizi wake, mzee mrefu mwenye nyusi kama brashi ya viatu, alizisoma kurasa hizo zote na kuandika pembeni neno moja kwa wino mwekundu: "Umejuaje?"

Neno hilo lilimkera Usi hadi akasafiri nalo kurudi nyumbani. Alirudi Unguja mwezi wa Aprili 1957 kuja kuandika sura ya mwisho. Mji mzima ulikuwa ukizungumza uchaguzi wa kwanza, uliotarajiwa Julai, na baraza moja ya Mkunazini ilikuwa na wanafalsafa wengi kuliko chuo chake kizima, wote wakisema kwa pamoja. Hapo hapakuandikika kitu. Akachukua daftari lake akaenda shamba, Kizimkazi.

Kumbe huko alikuwa akisubiriwa. Dada yake, Mwanaasha, alikuwa ameposwa na Abdulla, fundi saa wa mjini, kijana mpole aliyekuwa akisema polepole kama anayehesabu sekunde. Baba yao alikwisha fariki, kwa hiyo walii wa kumwoza alikuwa Usi. Yeye ndiye wa kumuuliza dada yake kama ameridhi.

Basi siku moja baada ya sala ya alasiri akaingia chumbani kwa Mwanaasha, daftari mkononi, pamoja na mzee Jaku, ami yao, aliyekuja kuwa shahidi. Mwanaasha alikuwa ameketi kitandani, kajifunika kanga mbili gubigubi, haonekani hata pua.

"Mwanaasha, Abdulla amekuposa. Umeridhi?"

Kimya.

Akauliza mara ya pili, kisha ya tatu. Kanga zikatikisika kidogo, basi.

"Kanyamaza, karidhi," akasema mzee Jaku, naye akatoka zake kuwahi kahawa.

Usi alibaki ukumbini, moyo ukimdunda. Mbele ya macho yake, ndani ya nyumba ya mama yake, kimya kilikuwa kimefanya kazi ya neno! Akafungua daftari akaandika bila ya kupumua. Alishajaza ukurasa na nusu na kuanza kumjibu kwa ufasaha yule mzee wa nyusi, pale pazia la chumbani lilipofunguka.

Mwanaasha alitoka na shavu moja limevimba kama andazi. Akapita moja kwa moja hadi uani, akatema karafuu tatu zilizotafunwa, akarudi na kusimama mbele ya kaka yake.

"Nani kasema nnakubali?"

"Wewe! Umenyamaza."

"Jino linaniuma tangu jana, kaka! Nimebana karafuu, hata mate simezi. Ungeniuliza bei ya papa ningenyamaza vile vile!"

"Sasa mbona hukutikisa kichwa?"

"Nilitikisa. Wewe ulikuwa unatazama daftari."

Usi akalitazama lile daftari, kama kwamba kosa lilikuwa lake.

"Mtu akinyamaza," akaendelea Mwanaasha, mkono shavuni, "ni mlango uliofungwa. Hujui ndani kalala, kanuna au hayumo. Wewe unapita nje unasema, wenyewe wamenikaribisha."

Usi akafunga daftari. "Basi Abdulla humtaki?"

"Sijasema simtaki. Nasema sijaulizwa. Cherehani yangu nnakwenda nayo mjini, na kila mwezi nnakuja kumwona mama. Akikubali hayo, niulize tena, jino likipoa."

Abdulla alipofikishiwa masharti alifikiri sana, kwa kawaida yake, kisha akakubali, akisema cherehani na saa ni jamaa. Jino likang'olewa. Siku ya ndoa Usi aliingia tena na mashahidi, mara hii mikono mitupu, akauliza. Mwanaasha akajibu, "Naam! Nimeridhi!" kwa sauti iliyofika hadi jikoni. Mabibi wakubwa wakajifunika nyuso kwa haya, na walio jikoni wakapiga vigelegele.

Usi aliichana sura yake, akaandika nyingine: kwamba mtawala asijivunie kimya cha watu mpaka awe amewauliza, tena akawatazama. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, siku ya kuhojiwa juu ya tasnifu yake, mtahini mmoja alikiona chini ya ukurasa kijina asichokijua.

"Huyu Mwanaasha ni mwanafalsafa wa karne gani?"

"Hii hii yetu, bwana. Anashona kwa cherehani."

Wakampa udaktari wake, na Makerere wakamwajiri kuwa mhadhiri. Likizo ya kwanza, mwaka 1959, aliichukua tasnifu iliyojalidiwa akampelekea dada yake, aliyekuwa Kizimkazi na mumewe kumwona mama. Mwanaasha akalipapasa jina lake kwa kidole.

"Ruhusa ya kuniandika nani kakupa?"

Usi akakiri kwamba hakuna. Mwanaasha akasema atasamehe kwa sharti moja: asomewe yote, kwa Kiswahili.

Usi akaona ni jambo la siku mbili. Ya kwanza ikapita yumo ukurasa wa mwanzo, anatafuta neno la Kiswahili la kulitafsiri la Kiingereza. Bi Mwatum akampa moja, Abdulla jingine, Mwanaasha akayakataa yote mawili, na chai ya wote wanne ikapoa mezani.