Povu la Maziwa ya Sabuni

Sabuni alikuwa ng'ombe wa mama yangu, mweupe kuanzia kichwani mpaka mkiani, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mama alipewa siku dada yetu mkubwa alipoolewa. Tulipohama kutoka Magu tukamswaga pamoja na wenzake mpaka bonde la Majimoto, wilaya ya Mpanda, na njia nzima mama alimhurumia yeye kuliko mimi. Sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu nilitembea nyuma yao na kuona.

Mpaka leo nikifumba macho naisikia harufu ya asubuhi zile: moshi wa samadi kavu, umande, na maziwa yenye joto la ng'ombe. Mama, jina lake Nyanzala, ambaye kwa Kisukuma chetu tulimwita mayu, alikamulia kwenye kibuyu, kisha akakinga povu kwenye kikombe cha bati. Mimi niliambulia kulamba ukingo tu, maana nyumbani kwetu povu lilikuwa la mjamzito. Mwaka 1995 mjamzito alikuwa wifi yangu Specioza, Mfipa aliyeolewa na kaka Mabula. Mama alimpelekea mwenyewe kila siku, akamsimamia mpaka amalize.

Mimba ile iliharibika ikiwa ya miezi mitano. Ya mwaka uliofuata nayo ikaharibika. Katikati Specioza alipata homa za jioni zinazokuja na kuondoka, viungo vikimuuma, nasi tukampa klorokwini, dawa ya malaria, mpaka akajikuna mwili mzima. Watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Kaka akaanza kushauriwa aoe mwanamke mwingine, tena mbele ya mkewe, bila aibu.

Ndipo alipokuja Venant, mganga wa zahanati, na baiskeli yake isiyo na breki. Hakuuliza habari za mbu. Aliuliza habari za ng'ombe.

"Wanatupa mimba?"

"Wawili mwaka huu," mama akajibu.

"Anayewazalisha nani?"

"Mimi. Mkwe wangu ananisaidia kushika."

"Kwa mikono mitupu?"

"Kwani nivae soksi?"

"Na maziwa mnachemsha, mama?"

Mama akasimama. Tangu kwa bibi zake alijua kwamba maziwa yakiguswa na moto, chuchu za ng'ombe hupasuka naye hukauka. Akaninyooshea kidole. "Huyu hapa anayanywa kila siku. Mbona haumwi?"

"Mvua ikiwanyeshea watu kumi, wote wanalowa," Venant akasema, "lakini mafua wanapata wawili, watatu. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu ya yote. Ila kila kikombe cha maziwa mabichi kinaongeza hatari, na kushika ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu kunaiongeza tena."

Specioza akaenda kupimwa damu Mpanda mjini. Akarudi na vidonge vya wiki sita na habari kwamba homa yake ilitoka kwa ng'ombe. Alipona. Mvua kubwa za mwisho wa 1997 zilipoanza, alikuwa na mimba tena, na Venant alishaonya kwamba ugonjwa ule unaweza kumrudia.

Mama akaamua kuchemsha. Alianza na maziwa ya Sabuni. "Kama ni kukauka, akauke wa kwangu," alisema. Akabandika sufuria, akatoka mbio zizini kukagua chuchu, akarudi jikoni, akatoka tena, mpaka maziwa yakafurika na kuzima moto. Nilicheka. Nikala mwiko wa mgongo.

Baada ya wiki tatu Sabuni akakauka kweli. Alikuwa mzee, na ndama wake alishakuwa mkubwa, lakini nani angesikia hayo? Majirani walipita kumtazama kama wanaokuja msibani. Baba hakusema na mama siku mbili. Nilimkuta mama ameegemeza uso kwenye ubavu wa ng'ombe wake, analia, nikajua habari ya kuchemsha imekwisha.

Kesho yake asubuhi alichukua maziwa ya ng'ombe wa baba, bila kumwomba, akayabandika motoni. Yakapoa, akampelekea Specioza kwenye kikombe kilekile cha bati. Povu halikuwepo, na juu kulikuwa na utando. Alifanya hivyo kila siku mpaka Masunga alipozaliwa, mwaka 1998, mtoto mwenye sauti ya kuamsha zizi zima.

Wanawake walipokuwa wakipiga vigelegele, mama alitoweka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kikombe kiko mapajani.

"Mayu, mbona huku?"

"Wale wawili wa kwanza," akasema, "niliwapelekea povu mimi. Kwa mkono wangu huu."

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikaa naye tu mpaka walipotuita. Mama hayupo tena, na jibu ndiyo nimelipata sasa: ulimpa kilicho bora kuliko vyote ulivyokuwa navyo, mayu, na hakuna aliyekuwa ametuambia.