Bunduki ya Upepo na Mvukuto wa Mjomba

Nakumbuka siku niliyopewa bunduki, mwanangu, na usicheke, nimekuona. Mimi huyu ninayeegemea fimbo kwenda uani niliwahi kuwa na bunduki yangu mwenyewe, enzi za Mdachi, reli ikiwa bado mpya pale Morogoro. Sikuiteka vitani wala sikuiiba. Nilichoiba ni kitu kingine, tena kidogo, cha kuenea kwenye ncha ya kidole gumba, na kilinitoa jasho kuliko bunduki kumi.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, nikikaa mlimani juu ya Mlali kwa mjomba wangu Salumu, kaka yake mama. Wewe umezaliwa mjini, basi nikukumbushe: kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kazi ya mjomba humwangukia mpwa. Mjomba Salumu alikuwa mhunzi. Kuanzia Mlali mpaka Mzumbe watu walilima kwa majembe yake. Wapwa wengine alikuwa nao, lakini aliyechaguliwa kukaa naye kiwandani ni mimi, na nyundo ile siku moja ingekuwa yangu. Nililijua hilo vizuri sana, na ndilo lililonivimbisha kichwa.

Kazi yangu ilikuwa kuvukuta. Mivukuto ilikuwa miwili, kila mmoja ni ngozi ya beberu mzima, imechunwa kuanzia shingoni bila kupasuliwa tumbo, ikawa kama mfuko. Unaubonyeza huu, unauinua ule, upepo unapita kwenye mdomo wa udongo na kuingia motoni. Bila upepo huo mkaa ni mkaa tu, na chuma hakisikii nyundo. Moto ukishapoa, nilikuwa naipaka mivukuto mafuta ya nyonyo na kuikanda kwa viganja mpaka inalainika kama sikio la mtoto.

Basi Mjomba akanituma kupeleka majembe misheni, juu zaidi mlimani. Pale alikuwepo Bruda mmoja wa Kidachi, mwenye ndevu nyekundu, aliyekuwa analima njegere na kugombana na ndege kutwa nzima. Nikamkuta ameshika bunduki imejaa kutu, kitako kimepasuka, anaitazama kama mtu anayemtazama mbwa wake mgonjwa. Haikuwa bunduki ya baruti. Ilikuwa ya upepo, ya kuulia ndege.

"Hii imekufa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukokota. "Chukua. Fua kisu."

Kisu! Nilishuka nayo mlima ule nikikimbia. Wenzangu walinipokea kwa kicheko. "Itaua chawa hiyo?" Mmoja akaomba aichomeke kando ya mihogo yake, iwe uzio. Mwanangu, mimi kutaniwa sikukuweza tangu utotoni. Nikaapa mbele yao kwamba Ijumaa, baada ya sala, nitatoboa kibuyu kwa bunduki hiyohiyo. Ilikuwa Jumatatu. Mdomo ulikwisha ponza kichwa, na mimi sikujua.

Mjomba alikuwa anaondoka kesho yake kwenda Morogoro kutafuta mabaki ya chuma cha reli, maana masika yalikuwa karibu na wanawake walikwisha kuanza kuulizia majembe. Aliniachia neno moja tu: "Mivukuto isikauke." Nikaitikia vizuri, kwa adabu zote.

Alipotoweka nikaifungua bunduki. Ndani mlikuwa na kamani, yaani springi nene ya chuma, ndefu kama mkono wangu, na mbele yake chuma kama mchi mdogo. Ukiukunja mtutu, kamani inajibana. Ukifyatua, inausukuma ule mchi, mchi unausukuma upepo, na upepo unaitoa risasi. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilichomoa pini tu, kamani ikaruka na kunitandika hapa juu ya jicho, nikaona nyota mchana. Kovu ndilo hili, wala si la ngumi kama alivyokudanganya shangazi yako.

Lakini sikukata tamaa. Nilisugua kutu kwa mchanga na majivu siku mbili, mtutu ukang'aa. Kamani nikaichovya kwenye mafuta na kuinyoosha pale ilipopinda. Kitako nikakichonga upya kwa mti wa mninga, nikakipiga msasa kwa majani makavu ya msasa mpaka kikateleza mkononi. Ikabaki kasoro moja. Kwenye kichwa cha ule mchi kulikuwa na kipande cha ngozi cha duara, cha kuziba upepo usitoroke, nacho kilikuwa kimeliwa na mende. Nikajaribu ngozi ya ng'ombe, ikawa ngumu. Nikajaribu ngozi ya ngoma mbovu, ikapasuka. Alhamisi ikafika, bunduki inatoa upepo kama mzee anayekohoa.

Ndipo macho yangu yakatua kwenye mivukuto.

Ngozi laini, imekula mafuta miaka mingi, mikono yangu mwenyewe imeikanda. Nikajiambia, kipande kidogo tu, kule chini kwenye mkunjo, nani ataona? Tena ni mimi ninayeitunza, kwa hiyo ni kama yangu. Shetani, mwanangu, haji na pembe. Anakuja na hesabu zako mwenyewe. Nikachukua kisu kikali, nikakata duara safi. Tundu nikaliziba kwa kiraka, nikakishona kwa uzi na kupaka nta ya nyuki. Nikasogea nyuma, nikatazama, nikaridhika.

Ijumaa kibuyu kilitoboka. Tap! Risasi iliingia huku na kutokea kule, na vijana wakanibeba juu juu. Siku ile ningeambiwa nipigane na Mdachi peke yangu ningekubali.

Mjomba akarudi Jumamosi na mzigo wa chuma. Mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima mpaka kiunoni. Jumapili asubuhi wanawake wakajaa kiwandani na majembe yaliyolika yakabaki vipande, na mama yangu alikuwemo, amepanda kutoka Mlali na jembe lake begani. Mjomba akawasha moto. "Vukuta."

Nikavukuta. Mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Moto ukaanza kuwa mweupe, na joto likaifikia nta yangu. Ikayeyuka. Uzi ukakatika, na ufa ukapanda kutoka kwenye kile kiraka mpaka shingoni mwa ngozi. Mvukuto ukalala. Moto ukarudi kuwa mwekundu, kisha wa giza, na chuma juu yake kikapoa wanawake wote wakikitazama.

Mjomba akainama. Akaingiza kidole kwenye lile duara, akalizungusha taratibu.

"Nani kakata?"

Ningemsingizia panya, lakini panya hawezi duara. "Ni mimi, Mjomba," nikasema. Na badala ya kunyamaza hapo, ulimi ukanichongea. Nikaongeza, "Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Wanawake wakaguna. Mama akaufunika uso kwa kaniki yake.

Mjomba hakupandisha sauti. "Koleo likivunjika tunalitengenezea wapi?"

"Motoni, Mjomba."

"Na moto ukikosa upepo?"

Macho yangu yakaenda kwenye ule mvukuto uliolala.

Akaagiza bunduki iletwe. Akaigeuza, akaukunja mtutu, akapitisha kidole kwenye kitako cha mninga, akakitazama kile kipande cha ngozi yake. "Kazi hii umeifanya peke yako?"

"Ndiyo."

"Ni kazi nzuri. Ungekuwa mjinga nisingekasirika." Akanirudishia. "Toka. Siku utakayoniletea mvukuto utanikuta hapa. Usipouleta, wapwa ninao wengine." Kisha akamgeukia mama. "Na jembe la huyu litakuwa la mwisho. Wenzake kwanza."

"Nimesikia, kaka," mama akasema. Hakunilaumu wala hakuniangalia. Angenipiga ningeshukuru.

Nikapanda misheni siku hiyohiyo. Bruda akaijaribu bunduki, akacheka mpaka ndevu zikatikisika. Nikamwambia naibadilisha kwa beberu. Akanishangaa, "Nilikupa. Ni yako." Nikamjibu, "Ndiyo maana naitoa." Akanipa beberu mnene mwenye madoa, nikamchinja palepale. Sikuwa nimewahi kuchuna ngozi nzima. Nilipofika begani kisu kikateleza, pwaa, ikatoboka. Bunduki imekwenda, beberu amekwenda, nimebaki na nyama ya kuwalisha Mapadri. Nilikaa kwenye matope nikalia, nakwambia bila aibu.

Bruda akasema, "Tia kiraka."

"Kiraka nimekwisha kukiona," nikamwambia. "Nipe kazi."

Nililima mitaro kwenye bustani yake ya njegere siku kumi na moja, mvua inaninyeshea, nikalipwa beberu wa pili. Habari zilikuwa zinanifikia: kule kiwandani Mjomba anafua kwa mvukuto mmoja, na wanawake wanapokezana kuupepea moto kwa nyungo, jembe moja kwa siku, yakizidi ni mawili. Wenye majembe walikuwa wanapanda mtama. Mama hakuwa nalo. Kila nilipoinua jembe la Bruda nilimwona mama yangu akiparua ardhi kwa kijiti, na nikazidi kulikita ardhini.

Beberu wa pili nilimchuna kutwa nzima. Sikula hata tonge. Ngozi ikatoka nzima. Nikailaza kwenye majivu mpaka manyoya yakang'oka, nikaitia mafuta, nikaikanda asubuhi na jioni, nikaikanda nikitembea, mpaka viganja vyangu vikachunika na sikujua tena ngozi ipi ni ya beberu na ipi ni yangu.

Nikashuka nayo. Mjomba alikuwa peke yake kiwandani, na mama amekaa mlangoni na lile jembe lake lililolika.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakuitika. Akaichukua ngozi, akaijaza upepo, akaifunga shingo kwa kamba, akaiweka chini. Kisha akaikalia. Mtu mzima, mhunzi, mifupa yote ile, akakaa juu ya ngozi yangu kama amekalia kigoda, akatoa tumbaku yake na kunusa. Nami nimesimama. Nilikuwa nasikiliza upepo usitoke. Ngozi haikulalamika hata kidogo.

Akainuka, akapangusa makalio. "Marahaba," akasema.

Tukaufunga mvukuto. Safari hii akavukuta yeye, mzee wa watu, na nyundo akaitupa upande wangu. "Limebaki moja," akasema. "La mama yako. Fua."

Nililifua, mwanangu, na machozi yakiangukia chuma chenye moto na kupotea kabla hayajafika. Lilikuwa jembe langu la kwanza. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaliangalia upande huu na upande ule, akasema, "Jembe zuri. Limechelewa." Akashuka kulima. Mtama wake ulipandwa wiki tatu nyuma ya wenzake, na mwaka ule alivuna vikapu viwili. Tulikula mihogo ya kuombaomba, yeye na mimi, na hakunitajia kamwe kwa nini. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa.

Sasa nisikilize, maana najua wewe nawe una bunduki yako. Kwako ni ile pikipiki unayoifungua na kuifunga kila siku pale nje kwa spana ya kuazima. Itengeneze, sikukatazi. Mjomba hakunifukuza kwa kupenda bunduki; kupenda kazi ya mikono ni heri. Lakini kabla hujakata, jiulize kipande hicho unakitoa wapi. Usikate kwenye kitu kinachowalisha watu ili ushangiliwe Ijumaa moja. Kitu ulichokabidhiwa kukitunza si chako, na wewe unayekitunza ndiye mwenye kujua mkunjo wa kuficha tundu, kwa hiyo jihofie wewe kabla hujawahofia wezi. Na ukikosea, maana utakosea, usimtupie mkubwa wako methali. Methali haizibi tundu. Kubali, toa kile ulichokipenda, uende ukaanze na beberu. Wa kwanza akiharibika, lima mitaro upate wa pili. Na fahamu kwamba hata ukitengeneza vizuri kabisa, kuna mtu atakuwa amekungoja shambani mikono mitupu, na siku zake huwezi kumrudishia. Mheshimu huyo mpaka afe, na akifa endelea.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mola akupe mikono yenye kazi na moyo wenye kuona aibu. Akupe mkubwa wa kukukemea ungali kijana, na chuma chako kisikose moto, na moto wako usikose upepo. Mama yako asikungoje mlangoni. Amina. Nenda, na umwambie yule aliyekukopesha spana kwamba unamrudishia leo.