Wa Mwisho Kapita

Siku ya pili baada ya kumzika mjomba, nilikuwa nje ya nyumba ya bibi nasugua sufuria za msiba kwa majivu, vijana watano wakatokea njia ya ziwani juu ya baiskeli zenye matairi manene kama ya pikipiki. Wote walivaa kofia ngumu. Mmoja, binti, alishuka, akaniamkia, akaniuliza kama njia ya kuvuka mlima hadi Kiseke bado inapitika. Walikuwa matembezini tu, akasema. Siku za mapumziko huzunguka ufukweni na vijijini. Nikamwambia inapitika. Kisha nikajikuta namwelekeza jiwe kwa jiwe, majivu yamenipanda mpaka viwikoni, huku nikisubiri machozi ambayo yalikuwa yamegoma tangu siku ya mazishi. Hayakuja. Basi wewe kaa nikueleze vizuri, maana yule binti nilimpa njia tu, habari ya njia sikumpa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, viwanda vya samaki vilikuwa ndiyo kwanza vinafunguliwa mjini, na malori yao ya barafu yalikuwa bado hayajaufikia mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Samaki waliovuliwa pale walikwenda mjini kwa baiskeli. Mama alikuwa na meza ya samaki sokoni Mirongo, nasi tulikaa Igogo, lakini likizo zote nilikuwa huku kwa bibi. Mjomba, mdogo wake mama, alibeba sangara. Mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, nilipewa baiskeli kuukuu ya babu na kikapu kimoja cha dagaa, nikawa nasafiri na wanaume sita.

Kupakia sangara si kazi ngumu ukielewa mantiki yake. Unatandika majani mabichi ya mgomba ndani ya tenga, unalaza samaki vichwa vikielekea nyuma, unafunika kwa gunia lililoloweshwa ziwani, halafu unakaza kwenye keria kwa vipande vya tyubu mpaka vilie. Mzigo ukicheza kidogo tu, utakuangusha. Bibi alikuwa akitufungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, na kila mara alisema maneno yaleyale: "Mkatafune mkiwa mmesimama. Mtu hatafuni akiendesha."

Baiskeli ya babu ilikuwa ndefu kuliko mimi, kwa hiyo niliiendesha nikiwa nimepitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu, mwili wote umepinda upande kama mtu anayechungulia kisimani. Wanaume walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili waliacha.

Tuliongozwa na mzee mmoja aliyepunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba. Tulimwita Kapteni. Alianza safari jua likichomoza, na safari yake ilikuwa na sheria. Wa mbele anataja kilichopo njiani, na kila mmoja anarudia kwa anayemfuata: jiwe, mchanga, ng'ombe. Tukifika mahali pabaya, tunashuka mmoja mmoja, na kila aliyeshuka salama anapaza sauti: "Nimepita!" Kapteni anasimama chini, mguu mmoja ardhini, haondoki. Mwishoni anauliza, "Wa mwisho?" na wa mwisho anaitika. Hapo ndipo safari inaendelea.

Wa mwisho alikuwa mjomba siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba pampu na viraka. Ila kifua chake kilikuwa kibovu na sauti yake haikuvuka hata mawe mawili. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa mbele yake, nilikuwa nasikia kwake na kupeleka mbele: "Wa mwisho kapita!" Akanibandika jina, Mdomo.

"Mdomo wangu umeamkaje leo?" alikuwa akiniuliza mwaloni mbele za watu.

"Umeamka na njaa."

"Basi ni wangu kweli."

Mahali pabaya kuliko pote paliitwa Kwa Kuku, kwa kuwa mchuuzi mmoja alianguka pale na matenga yake, kuku wakatawanyika milimani, na watu walidai hadi leo wapo wanaotaga huko. Ni mteremko mwembamba kati ya majabali mawili, changarawe chini, halafu kona. Nilimwambia yule binti hivi, nawe nakwambia: usiguse breki ya mbele. Kaa nyuma, legeza mikono, tazama unakotaka kwenda, usilitazame jiwe. Utapita. Watoto wadogo kuliko mimi walipita.

Baada ya Kwa Kuku, njia inalala hadi Kiseke, na pale kulikuwa na mama muuza chai. Chai ya rangi yenye tangawizi, na maandazi. Sahani ya kwanza ilikuwa na yale yaliyoungua pembeni, magumu na matamu, na yalikuwa ya watakaotangulia kufika. Nilikuwa nayafikiria tangu mwaloni.

Na hapa ndipo penye kosa langu. Baada ya likizo kadhaa za kuwa mdomo wa mjomba, niliacha kumsubiri aitike. Alikuwa anapita kila siku, kwa hiyo nilishuka, nikakunja kona, na Kapteni alipouliza "Wa mwisho?" mimi nilijibu palepale. Lilikuwa jambo la kawaida kwangu, kama kuitikia sala.

Asubuhi ile kulikuwa na mawingu, Kapteni alitaka tuwahi kabla ya mvua. Akauliza. Nikasema, "Wa mwisho kapita!" Nikakanyaga pedeli.

Nilifika wa pili. Nilipata andazi lililoungua. Nilikuwa nimelimaliza na nalamba vidole Kapteni alipohesabu baiskeli, akahesabu tena, akaniuliza, "Mjomba wako yuko wapi?"

Nikasema anakuja. Tukasubiri. Mvua ikaanza. Mama wa chai akafunika maandazi yake kwa karatasi la nailoni, na Kapteni akageuza baiskeli.

Tulimkuta Kwa Kuku, juu ya kona. Keria ilikuwa imekatika, mzigo umemsukuma kwenye jabali, mguu wa kulia uko kati ya jiwe na chuma. Sangara walikuwa wametapakaa, kunguru wameshaanza. Mjomba alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Nani aliitika?" Kapteni aliuliza. Hakuniangalia mimi, aliliangalia tenga.

Mjomba alivuta pumzi. "Niliitika mimi."

"Uliitika ukiwa umepita?"

"Nilidhani nimepita, Kapteni. Nimeitika mapema. Kosa langu."

Alikuwa amenisikia. Kutoka pale alipolala, sauti yangu ilifika vizuri kabisa. Nimekwenda mara nyingi baadaye kuhakikisha. Alilala chini ya baiskeli akanisikia natangaza kwamba kapita, kisha akasikia kengele zetu zikiondoka.

Walimfunga kwa kanga nyuma ya baiskeli ya Kapteni, wakampeleka hospitali. Mguu ulipona ukiwa umepinda. Mwaka uliofuata malori ya barafu yalifika mwaloni, yakabeba sangara wote, na baiskeli zikabaki kubeba mapanki, yale mafuvu na mifupa iliyobaki kiwandani. Watu walimfariji mjomba kwa hilo: hata na miguu miwili, kazi ingekwisha tu. Akafungua kibanda Igogo, akaziba pancha za wengine kwa miaka zaidi ya ishirini. Kila nilipopita alinisalimu vilevile. "Mdomo wangu umeamkaje?" Nami nilimjibu vilevile, nikamwachia sukari kilo mbili, nikaondoka. Sentensi ya kukiri nilikuwa nayo. Ni fupi. Pasaka hii nilikuwa nimepanga kumwambia, nikaahirisha hadi likizo ya shule ninakofundisha. Nikaitwa msibani.

Kapteni hayupo, mwalo umejengewa zege, mama wa chai sijui alihamia wapi. Na ile desturi ya kuitikiana haipo. Nilimweleza yule binti: asiondoke mtu mpaka wa mwisho aitike mwenyewe, kwa kinywa chake. Wenzake wakacheka, kwa adabu.

"Mama, tuna simu."

"Najua. Lakini mwitike."

Wakaondoka. Walipanda mlima wakawa nukta nukta, wakapotea nyuma ya majabali. Nikaendelea na sufuria. Baada ya muda nikasikia sauti nyembamba kutoka juu, nadhani ni yule binti, nadhani ananitania: "Nimepitaaa!" Ya pili ikafuata, ya tatu, ya nne.

Nikasimama na sufuria mkononi, nikasubiri ya tano. Huku chini haikufika. Labda kona iliimeza, labda mwenye nayo alikuwa na sauti ndogo. Nilisimama pale mpaka majivu yakanikaukia mikononi, na safari hii sikuitika kwa niaba ya mtu.