Beji ya Joi

Jina langu ni Bahija. Nilipewa na bibi mzaa baba. Ni la Kiarabu, maana yake mwenye furaha, na kama majina yangekuwa yanatimia, nisingekuwa huku chini kwenye chumba cha kufulia nikikamua mashuka ya watu.

Nilipoanza kazi hotelini, meneja wa wakati ule aliniuliza jina langu lina maana gani. Nikamwambia, tena kwa kujidai. Akapiga makofi. "Basi kwa Kiingereza wewe ni Joi! Hilo la kwenu litawavunja wageni meno." Kesho yake nikapewa beji ya kibati, nikaibandika kifuani.

Hawakunifanyia mimi peke yangu. Mansuri wa jikoni alifanywa Viktor, kwa kuwa jina lake ni la ushindi. Alipoacha kazi, beji ilibaki msumarini pamoja na aproni, na mpishi aliyekuja akavalishwa vyote viwili. Viktor tuliye naye sasa ni wa tatu. Mimi nilikuwa nikicheka. Sikujua kwamba na langu linaning'inia kwenye msumari uleule.

Kisha akaja wifi yangu, dada wa mume wangu, na mfuko mmoja na machozi ndoo nzima. Nikampeleka hotelini kwa mkono wangu. Sare ikampwaya, nikaipunguza kiunoni. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu hata nguo nilimshonea.

Mama yangu akaugua, nikaenda kumuuguza mpaka tukamzika. Niliporudi nilimkuta wifi juu kwenye vyumba vya wageni, kibati changu kifuani mwake. Meneja mpya hata uso hakuuinua. "Joi tunaye. Wewe nenda kufulia. Kule beji haihitajiki."

"Wifi, nimekushikia tu," dada mtu akaniambia tukiwa nyumbani, anakula chakula changu.

"Kilichoshikwa hurudishwa."

"Sasa nikamwambie meneja nini? Mimi ndiye Joi kwenye simu, kwenye barua, kila mahali."

Mume wangu akafuta mdomo. "Mke wangu, mtagombana kwa kibati?"

Hakikuwa kibati. Meneja alikuwa anatafuta msimamizi wa vyumba, na alisema atamchagua yule anayeulizwa zaidi na wageni. Wote walikuwa wakimuuliza Joi. Miaka yangu yote ya kutandika, kukumbuka nani anataka mito miwili na nani hapendi feni, ilikuwa inakwenda kumpandisha wifi.

Alibaki mtu mmoja wa kuniokoa: bibi mmoja mgeni anayekuja kila mwaka. Aliwahi kushikwa na homa kwetu, nikamkanda kwa kitambaa cha maji mpaka ikashuka. Yule aliujua uso wangu. Viktor aliponinong'oneza kwamba anafika Alhamisi, nilikuwa napiga pasi. Nikaunguza foronya mbili. Sisi wa kufulia haturuhusiwi kupita mapokezi, na meneja alishamfukuza mtu kwa hilo.

Alhamisi nikabeba mashuka mpaka kidevuni, nikapanda ngazi hadi mapokezi.

Bibi alikuwa ameingia, mkongojo mkononi, miwani minene kama vitako vya chupa. Wifi akamkimbilia. Bibi akainama mpaka pua ikakaribia beji, akaisoma, uso ukamng'aa. "Joi wangu!" Akamkumbatia. Juu ya bega la bibi, wifi akaniona. Tabasamu likamkauka.

"Wewe wa kufulia!" meneja akafoka. "Umepotea njia?"

Bibi akageuka. "Mwache. Wewe unaitwa nani?"

"Bahija."

Akalitafuna, likamshinda, akacheka kidogo. "Jina zuri. Lina maana gani?"

Wifi akaifunika beji kwa kiganja, kama mtu aliyebanwa na kifua. Meneja amekunja mikono, ananingoja nikosee. Neno lilikuwa mdomoni, moja tu, hata kwa Kiingereza nalijua. Nikamtazama bibi machoni kupitia vioo vile, nikangoja anitambue mwenyewe. Hakunitambua.

Mara ya kwanza niliulizwa hivyohivyo, nikajibu, na mnaona nilipo. Sijui ilikuwa hofu ya kufukuzwa au ni hasira.

"Halina maana, mama," nikasema. "Ni la kuitwa tu."

Nikashuka. Wifi alipewa usimamizi wiki hiyohiyo. Jioni ya siku aliyopewa alikuja akasimama mlangoni pa chumba cha kufulia, mvuke ukimpiga usoni, hajui pa kuweka mikono.

"Bahija," akaanza. Tangu niolewe hajawahi kuniita hivyo; siku zote ni wifi.

Sikuiacha pasi. "Mashuka ya yule bibi yapo pale. Alale na mito miwili, na feni usimwashie. Peleka, Joi."