Nimefufua console ambayo haikuwahi kuuzwa, ndani yake kuna sauti ya msichana wa Kansay

Wakuu, salaam kutoka Karatu. Leo ukungu umeshuka kutoka kreta mpaka barabara kuu, hakuna anayefanya kazi ya maana, nami nimepata nafasi ya kuandika. Nililoliona ndilo nitakalosema. Nisilolijua nitawaambia silijui.

Mimi ni ripota wa redio, ila wikiendi natengeneza console za zamani, yaani mashine za kuchezea game kwenye TV, zile za kaseti. Paskalina, dada wa reception kwenye lodge moja hapa mjini, anaujua ugonjwa wangu huo. Siku moja akaniletea boksi lililofungwa kwenye kitenge.

"Kaka, hii usiifanyie mzaha. Ukiiua, mama hatanisamehe."

Ndani kulikuwa na plastiki ya kijivu isiyo na jina wala nembo. Chini yake stika ya Kiingereza: haiuzwi.

Nikafungua skrubu. Board, ile sahani ya saketi, ilikuwa imejaa waya nyembamba zilizochomelewa kwa mkono, kama kazi ya mtu aliyekuwa akibadili mawazo kila siku. Kaseti nayo ilikuwa board tupu, chip zake zina vidirisha vya kioo vilivyozibwa kwa stika.

Wanaojua wanajua. Hiyo ni prototype, mashine ya majaribio ambayo kampuni hutengeneza chache kabla ya kuamua kuuza. Hii hawakuiuza.

Imefikaje Karatu? Paskalina alinieleza hivi.

Kabla hajazaliwa, mgeni mmoja wa kampuni hiyo alikaa kijijini kwao Kansay akirekodi sauti za game: upepo, kengele za ng'ombe, na mama yake, msichana wakati huo, akiita mbuzi jioni. Baadaye mgeni akarudi na mashine, akasema kampuni imeacha mradi, hiyo ni zawadi. Kansay haikuwa na umeme. Ikakaa kabatini.

Halafu mama akaugua tezi la shingo. Akafanyiwa upasuaji, akapona, ila sauti haikurudi. Mpaka leo anaongea kwa mnong'ono. Paskalina alikuwa bado ananyonya.

"Wanasema alikuwa akiita, ng'ambo ya bonde wanageuka," aliniambia. "Mimi sijawahi kumsikia hata akiniita jina langu kwa nguvu. Nataka nisikie mara moja tu."

Umeme ulipofika kijijini, mdogo wake akachomeka mashine ukutani. Pa! Moshi. Kumbe ni ya volti 110, na umeme wetu ni 230.

Nilikuta adapter imekufa na fuse ya ndani imekatika. Fuse hiyo ndiyo iliyookoa kila kitu. Nikatafuta adapter nyingine, nikabadilisha kapasita zilizovimba. Stika za zile chip sikuzigusa, maana jua likipenya kwenye kile kidirisha muda mrefu, kilichohifadhiwa ndani hufutika.

Nikaunganisha kwenye TV yangu ya chogo. Picha ikaja, bila rangi.

Wakuu, sijui niielezeje.

Kilima. Nyasi. Ukungu umemeza kila kitu kilicho mbele. Katikati amesimama mtu mdogo mwenye shuka. Unamwendesha, anatembea tu, kilima kinazaa kilima. Hakuna adui, hakuna pointi. Mbuzi wenyewe hawakuwahi kuchorwa. Nilitembea humo mpaka nikasahau kama sijala.

Ukibonyeza kitufe kimoja, yule mtu anaweka mkono mdomoni kama anaita.

Kimya.

Kimya hicho kilinisumbua. Nilikuwa nalala nacho. Mwishowe nikakuta waya mmoja wa sauti, mwembamba kama unywele, umeachia. Nikauchomelea, nikabonyeza.

Ikatoka sauti ya msichana. Ndefu, inapanda, inavunjika juu kabisa, halafu inashuka kama inacheka.

Hapo uripota ukaniingia. Nitajuaje ni yeye? Huenda mgeni alirekodi wasichana wa vijiji vingi.

Jumapili tukaenda Kansay, mashine na TV ya chogo kwenye buti la gari. Tulimkuta mama sebuleni, amevaa kama wa kwenda kanisani. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba," akanong'ona.

Nikabonyeza. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Nikabonyeza tena.

"Siyo mimi," akasema. "Huyo kasauti kake kembamba. Mimi nilikuwa na sauti nzito."

"Mama, sikiliza vizuri!" Paskalina akadakia.

"Nimesikia. Mtoto wa watu huyo. Mrudishieni."

Paskalina akageukia dirishani. Mimi nikaongeza sauti mpaka mwisho nikabonyeza.

Mlango wa nyuma ukagonga ukuta. Baba yake Paskalina, aliyekuwa shambani akipalilia mbaazi, ameingia na jembe mkononi, buti zina tope, anahema. TV hakuitazama kabisa. Alimtazama mkewe.

"Umepona?"

Mama akacheka bila sauti mpaka khanga ikamteleza begani.

"Sijapona, Baba Paskalina. Ni televisheni."

Mzee akakaa palepale mlangoni. Akasema kabla hawajaoana alikuwa akichunga ng'ambo ya bonde, na akisikia sauti hiyo ndipo alipokuwa akirudisha ng'ombe.

"Sasa atakuwa nani mwingine?" akauliza, kama amekasirika.

Mama akaniashiria nibonyeze tena. Safari hii naye hakuitazama TV. Alikuwa anautazama uso wa mzee, na Paskalina, macho yamejaa machozi, akawa anawatazama wote wawili.

Nilichojifunza: kabla ya kuchomeka kitu cha zamani, soma volti nyuma yake. Na ukitaka kuthibitisha sauti ya mtu, usimuulize mwenyewe, maana yeye aliisikia kutokea ndani. Muulize aliyekuwa mbali.

Chip hizi zinazeeka. Mwenye kifaa cha kusoma EPROM, yaani hizo chip zenye vidirisha, awe Arusha au popote, ajitokeze hapa tuhifadhi nakala mapema.

Na nyie wengine, mngeitambua sauti yenu ya utotoni? Semeni ukweli.